Siri Zetu Zikivuja Mikononi mwa Kampuni: Milango ambayo Sheria Imetufungulia



Tukihesabu mahali ambapo habari za aila moja ya mwambao zimewekwa leo, vidole vya mikono miwili havitatosha. Hospitali aliyojifungulia mama ina faili lake, na ndani yake mna mambo ambayo hata dada yake wa tumbo moja hayajui. Benki ina sahihi yake na namba ya kitambulisho. Wakala wa safari za Umra ana nakala za pasipoti za nyumba nzima. Shule ina picha za watoto na vyeti vyao vya kuzaliwa. Duka kubwa limetoa kadi ya pointi, na kadi hiyo inajua tumenunua nini na siku gani. Ama programu ya mikopo ya simu, kwa wale walioikimbilia wakati wa dhiki, huenda imekwisha kusoma orodha yote ya watu tunaowasiliana nao, kuanzia wakwe hadi mwalimu wa madrasa.

Kisha siku moja huja ujumbe mfupi kutoka kampuni fulani: mfumo wetu umevamiwa, baadhi ya habari za wateja zimechukuliwa, tunaomba radhi kwa usumbufu. Au ujumbe hauji kabisa, bali huja simu ya mtu asiyejulikana anayelitaja jina letu kamili, namba ya kitambulisho na kiasi tulichokopa. Wengi wetu, na hasa mama zetu na dada zetu, husoma, huguna, kisha hunyamaza. Wengine hunyamaza kwa kudhani hapana la kufanywa. Wengine hunyamaza kwa haya, kwa kuwa kilichovuja ni deni, au maradhi, au picha. Makala haya tumeyaandika kwa ajili ya wote hao, na neno letu ni moja: aliyevujishiwa siri yake si mkosa, ni mdai. Na sheria ya nchi yetu imempa mahali pa kudai.

Amana si hiba

La kwanza kulifahamu ni kwamba habari tunazoipa kampuni hazigeuki kuwa mali yake. Tunaiwekea kwa ajili ya jambo maalumu: kutibiwa, kusafirishwa, kukopeshwa. Hiyo ni amana. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kimempa kila mtu haki ya faragha, na ndani yake imo haki ya kutotakiwa wala kufichuliwa bila ya haja habari zinazohusu familia yake na mambo yake ya ndani. Katika mwezi wa Novemba 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo imeipa haki hiyo meno, na chini yake ikaundwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kamishna wa kwanza, Bi Immaculate Kassait, alishika kazi Novemba 2020.

Sheria hiyo imezitenga habari za aina fulani na kuziita nyeti, zinazohitaji hifadhi kubwa zaidi. Miongoni mwake ni hali ya afya, imani ya mtu, alama za mwili kama vile za vidole, habari za mali yake, hali yake ya ndoa, na habari za familia yake yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mume au mke. Tazameni jinsi orodha hiyo inavyokaribiana na yale ambayo wazee wetu waliyaita mambo ya ndani ya nyumba.

Nini hasa huitwa kuvuja?

Wengi tukisikia data imevuja, hufikiria wadukuzi walio mbali. Ndiyo, hao wapo. Mwezi wa Aprili 2023, kampuni ya maduka ya Naivas, ambayo ina wateja wengi hapa Pwani, ilitangaza yenyewe kwamba wahalifu wa mitandaoni walikuwa wameuvamia mfumo wake. Lakini sheria inatazama mbali zaidi ya hapo. Kuvuja kwa data ni kila hali ambamo ulinzi umevunjika hata habari za mtu zikapotea, zikaharibiwa, zikabadilishwa, zikafichuliwa au zikaonwa na asiyeruhusiwa, iwe kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Karani wa zahanati akituma majibu ya vipimo katika kundi la WhatsApp lisilohusika, huko ni kuvuja. Kompyuta ya wakala ikiibwa pamoja na nakala za pasipoti, huko ni kuvuja. Mfanyakazi akiuza orodha ya wateja kwa kampuni nyingine, huko pia ni kuvuja.

Wajibu wa kampuni

Kampuni ikigundua kwamba data imefikiwa na asiyeruhusiwa, na pana hatari ya kweli ya wenyewe kudhurika, kifungu cha 43 kinaitaka imjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Ikiwa data ilikuwa mikononi mwa kampuni ya pili iliyoajiriwa kuishughulikia, hiyo ya pili ina saa 48 za kuijulisha ya kwanza. Kisha wenye data nao wajulishwe kwa maandishi, ndani ya muda unaowezekana.

Wala ujumbe huo haufai kuwa wa kuomba radhi tu. Unatakiwa ueleze ni uvujaji wa namna gani, kampuni imechukua hatua gani au inakusudia kuchukua hatua gani, mwenye data afanye nini ili ajikinge, na jina na anwani za afisa anayehusika na ulinzi wa data katika kampuni hiyo. Ziko hali ambamo kampuni husamehewa kuwajulisha wateja, kwa mfano pale data ilipokuwa imefungwa kwa mafumbo ya kompyuta yasiyosomeka kwa aliyeichukua. Lakini kuogopa aibu si udhuru.

Kabla ya kubisha mlango wowote

Saa za mwanzo ni za mambo mawili: kujikinga na kuhifadhi ushahidi.

Katika kujikinga, tubadilishe nenosiri la barua pepe na la benki, na namba ya siri ya M-Pesa ikiwa tunashuku imejulikana. Mwenye laini ya Safaricom apige *106# atazame ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kwani wezi hupenda kusajili laini kwa majina ya watu. Tuombe pia ripoti yetu kutoka kwa mashirika ya kumbukumbu za mikopo, yale tunayoyaita CRB. Kila mtu ana haki ya kuipata mara moja kwa mwaka bila malipo, nayo itaonyesha kama kuna aliyekopa kwa jina letu.

Katika ushahidi, tusifute kitu. Ujumbe wa kampuni, ujumbe wa vitisho, namba zilizopiga na saa zilizopiga, yote yapigwe picha ya skrini na nakala iwekwe mahali pa pili. Tuchukue daftari tuandike tarehe: lini tulijua, nani alitupigia, alisema nini, tulipoteza shilingi ngapi, tulimpigia nani wa kampuni naye alijibu nini. Ikiwa tulikwenda kwa daktari kwa sababu ya mshituko na kukosa usingizi, risiti na karatasi ya daktari ziwekwe. Daftari la kurasa mbili lililoandikwa siku ile ile lina uzito kuliko kumbukumbu ya miezi sita baadaye.

Mlango wa kwanza: kampuni yenyewe

Tuanze kwa kuandika barua au barua pepe, wala tusitosheke na kupiga simu, maana simu haiachi alama. Kifungu cha 26 kimetupa haki ya kujua data yetu inatumiwa vipi, kuiona, kupinga isitumiwe, na kutaka iliyo ya uongo au ya kupotosha irekebishwe au ifutwe. Barua inaweza kuwa fupi: mimi ni mteja wenu, nimepata habari kwamba data yangu imevuja, nataka kujua ni data gani, ilivuja lini, imemfikia nani, mlimjulisha Kamishna lini, na mtanifanyia nini. Chini ya kanuni za mwaka 2021, ombi la mtu kuiona data yake lafaa lijibiwe ndani ya siku saba, tena bila malipo.

Huenda kampuni ikaja na sulhu, na sulhu ni jambo jema. Lakini pana tahadhari. Ikiwa inatoa vocha ya kununulia vitu au kiasi kidogo cha fedha na kutaka tutie sahihi kwamba hatuna madai mengine milele, tusome kwanza, na tumpe anayeelewa asome. Madhara ya data iliyovuja huweza kudhihiri baada ya miezi, na sahihi iliyotiwa kwa haraka ni shida kuiondoa.

Mlango wa pili: Kamishna wa Ulinzi wa Data

Kampuni ikikaa kimya au ikijibu visivyoridhisha, kifungu cha 56 kimempa kila aliyedhulumika haki ya kumlalamikia Kamishna. Ofisi kuu iko Nairobi, na Mombasa ina tawi lake. Malalamiko pia hupokelewa kwa njia ya mtandao. Asiyejua kuandika hakufungiwa mlango: sheria inaruhusu malalamiko ya mdomo, na ni wajibu wa ofisi kuyaandika. Mzazi au mlezi anaweza kulalamika kwa niaba ya mtoto, na mtu mzima anaweza kumruhusu mwingine amsimamie, kwa hivyo bibi wa Lamu au Kwale anaweza kuwakilishwa na mjukuu wake. Malalamiko yanayofanana yanaweza kutazamwa kwa pamoja, na hilo ni faida kwa chama cha kina mama ambacho orodha yake yote imevujishwa mahali pamoja.

Malalamiko yafaa yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kuwapatanisha wahusika wakiridhia. Anaweza kutoa notisi ya utekelezaji inayoitaka kampuni irekebishe jambo, na kuipuuza notisi hiyo ni kosa la jinai. Anaweza kutoza faini isiyozidi shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Na anaweza kuamuru kampuni imlipe fidia mlalamishi.

Tusidhani kwamba haya ni maneno ya karatasini tu. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna alitangaza faini tatu kwa pamoja. Shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Kampuni ya mikopo ya simu ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho. Ukumbi wa starehe ukatozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ya ruhusa yake. Zote hizo zilianza kwa watu wa kawaida waliokataa kunyamaza.

Lakini tupambanue jambo ambalo huwachanganya wengi: faini na fidia si kitu kimoja. Faini ni adhabu, nayo huingia serikalini. Fidia ndiyo ya aliyedhurika, na ni lazima aidai. Anayejaza fomu akaeleza kosa la kampuni tu, bila ya kutaja alivyodhurika na anachotaka alipwe, huenda akaona kampuni ikiadhibiwa naye akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mlango wa tatu: mahakama

Kifungu cha 65 kinasema kwamba aliyepata madhara kwa kuvunjwa kwa sheria hii anastahiki fidia. Nacho hakikuyafunga madhara katika hasara ya fedha peke yake, bali kimeyahesabu pia madhara yasiyo ya fedha, kama vile dhiki ya moyo. Kwa hivyo mama ambaye maradhi yake yametangazwa kwa majirani anaweza kudai, ingawa hakuibiwa hata shilingi. Lakini yeye ndiye wa kuonyesha madhara hayo, na hapo ndipo lile daftari letu linapofanya kazi.

Asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna hukata rufaa Mahakama Kuu. Na kwa kuwa faragha ni haki ya Katiba, kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa ajili yake, kwa niaba ya asiyeweza kwenda, kwa ajili ya kundi, au kwa maslahi ya umma, na kimesema kwamba hapatozwi ada ya kuanzisha kesi ya namna hiyo. Hata hivyo, hatuwashauri wasomaji wetu waurukie mlango huu wakiuacha wa pili. Mahakama zetu mara nyingi humuuliza mlalamishi kama amepita kwanza kwenye njia iliyowekwa na sheria, na asiyepita huweza kurudishwa. Tena wakili anagharimu, na kesi hukaa. Asiyekuwa na uwezo aulize msaada kwenye taasisi zenye ofisi Mombasa kama MUHURI, Kituo cha Sheria na FIDA Kenya.

Na mwizi mwenyewe je?

Milango mitatu tuliyoitaja inaihusu kampuni iliyopoteza amana. Aliyeiba, au anayetumia kilichoibwa kwa kutisha watu na kuwalaghai, huyo ni wa polisi. Sheria ya mwaka 2018 ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni imefanya kuwa jinai kuingia katika mfumo bila ruhusa, kutumia utambulisho wa mtu mwingine kwa hila, na kusambaza picha za utupu za mtu. Tupige ripoti kituoni na tuchukue namba ya OB, kwani benki na Kamishna pia huenda wakaiuliza.

Tujihadhari vile vile na wezi wa mara ya pili. Kila uvujaji unapotangazwa, hujitokeza wanaopiga simu wakidai kuwa ni mawakili au maafisa wa kulipa fidia, na wanataka ada ndogo au namba ya siri ili watume malipo. Fidia ya kweli haiombi namba ya siri ya mtu.

Mizani ya haki

Baadhi ya wasomaji huenda wakauliza kama inafaa kwa Muislamu kuidai kampuni ambayo nayo imeibiwa. Wanazuoni wa fiqhi wanapozungumzia wadia, yaani kitu kilichowekwa kwa mtu akihifadhi, hueleza kwamba mwekewa hatozwi ikiwa kitu kimepotea bila ya kosa lake, lakini akizembea au akavuka mpaka, dhamana ni juu yake. Sheria yetu ya nchi iko karibu na mizani hiyo: kampuni inayothibitisha kwamba haihusiki kwa vyovyote na tukio lililoleta madhara haibebeshwi fidia. Lakini kampuni iliyoacha faili la wagonjwa wazi, au iliyochukua habari ambazo hazikuwa na haja nazo, hiyo imezembea. Kuidai si uchokozi. Ni kutaka amana iheshimiwe.

Mizani hiyo ina upande wa pili. Mlalamishi naye asizidishe. Kudai hasara ambayo haikutokea, au kutia chumvi katika hati ya kiapo, ni uongo, na ni dhuluma ya kujibu dhuluma. Tuandike kilichotokea, kama kilivyotokea.

Mwisho tunawageukia waume, kaka na wazazi. Siri ya mwanamke wa nyumbani mwenu ikivuja, neno la kwanza atakalolisikia kwenu ndilo litakaloamua kama atadai haki yake au ataificha. Akiulizwa kwa nini ulikopa, kwa nini ulipiga picha ile, kwa nini ulikwenda kupima, atafuta ujumbe wote kwa hofu, na kwa kufuta huko ushahidi utakuwa umekwenda. Kama lipo la kunasihiana ndani ya nyumba, lina wakati wake. Siku ile ni siku ya kumsitiri, kuketi naye, kufungua daftari na kuandika tarehe. Aliyepoteza amana ndiye anayepaswa kujibu, na sheria imetupa siku 90, tawi la Mombasa, na ulimi wetu wenyewe wa kumlalamikia.

Mwenyezi Mungu azisitiri aila zetu, na awape waliodhulumiwa nguvu ya kudai haki kwa njia ya haki. Wabillahi tawfiq.